Samaki wa dhahabu wa shule wanaumwa? Anza na maji

Kila shule zikifunguliwa Januari napigiwa simu ile ile, mwalimu hebu njoo uwaangalie samaki wetu. Nikienda nakuta tenki liko pale mapokezi, maji yamekuwa rangi ya chai ya mkandaa, pampu ya hewa haijawaka tangu Desemba kwa sababu kuna mtu alichomoa plagi achaji simu akasahau kurudisha, na kati ya samaki watano wamebaki watatu wamejikunyata kona moja. Mara ya mwisho mmoja wao, yule mwenye mkia mrefu kama shela, mkia ulikuwa umebaki vijiti vitupu, na mtoto wa darasa la tatu kasimama pembeni begi mgongoni ananiuliza, "Mwalimu, mbona anafunguafungua mdomo, ana njaa?"

Hakuwa na njaa, alikuwa anatafuta hewa. Na kwenye droo pale mapokezi kulikuwa na vichupa vinne vya dawa za samaki, vyote vimeshafunguliwa, vimemiminwa humo kwa zamu bila mtu hata mmoja kupima maji. Hilo ndo linaniuma. Kwa miaka yote niliyozunguka kwenye matenki ya shule hapa Dar nimeona samaki wengi wanaanza kuumwa maji, ugonjwa wenyewe unakuja baadaye kumalizia. Kwa hiyo nimepanga kwa dalili, ile unayoiona wewe kwa macho yako, halafu sababu kuanzia ile ninayokutana nayo mara nyingi zaidi mpaka ile ya nadra.

Kabla ya yote, dakika kumi za kuangalia tu

Usitie kitu chochote kwenye maji. Hesabu samaki, angalia kama kuna aliyekufa kajificha nyuma ya jiwe maana maiti moja inatosha kuharibu maji ya wote. Nusa maji, tenki lenye afya linanuka udongo udongo kama mto, likinuka yai bovu au choo kuna tatizo. Weka kipimajoto. Gusa pampu na filta kama zinatetemeka.

Halafu nenda kaulize watu, mhudumu wa usafi, mlinzi, mwalimu wa zamu: nani kasafisha tenki na kwa kutumia nini, nani kapulizia dawa ya mbu humu ndani, na umeme ulikatika lini na kwa muda gani. Anza na shikamoo na uulize kwa upole kabisa. Ukiuliza kama unatafuta wa kumfukuza kazi utaambiwa hakuna aliyegusa, na ukweli wa hayo maswali matatu ni dawa kuliko chupa yoyote utakayonunua.

Jua pia tenki lina lita ngapi, maana dozi zote zinategemea hapo. Urefu mara upana mara kina kwa sentimita, gawanya kwa 1000. Tenki la 90 kwa 40 kwa 45 ni lita 162, ukitoa changarawe na ile nafasi ya juu hesabu 140. Andika kwenye karatasi, bandika ubavuni, hata mwalimu mwingine akija aikute.

Vipimo unavyohitaji ni amonia, nitriti na nitrati, zote tatu zinatokana na uchafu wa samaki, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Maduka ya samaki wanauza vijikaratasi au vichupa vya matone, na baadhi wanakupimia ukipeleka maji kwenye chupa safi. Kile kipimo cha watu wa swimingi puli kinapima klorini na pH, kinasaidia, lakini hakitakwambia habari ya amonia.

Wako juu wanahema, midomo nje ya maji

Hii ndo simu ya kwanza, na sababu yake ya kwanza ni hewa kuwa kidogo. Samaki wa dhahabu asili yake China, ni samaki wa maji ya ubaridi, anafurahia digrii 18 mpaka 24. Sisi mchana wa Februari nimeshapima digrii 30 ndani ya tenki la shule. Maji ya digrii 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya digrii 30 yanabeba kama 7 na nusu tu, na huko kwenye joto samaki mwenyewe anahitaji hewa zaidi. Umeme ukikatika usiku tenki likiwa limejaa samaki, asubuhi unawakuta hivyo.

Washa pampu, hakikisha mapovu yanatoka kweli maana yale mawe ya hewa yanaziba. Kama hakuna umeme chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, dakika tano kila baada ya muda, hata watoto wanaweza kupokezana. Fungua mfuniko. Feni ikipuliza juu ya maji inashusha digrii mbili tatu. Chupa ya maji iliyogandishwa unaweza kuiacha ielee humo, moja tu kwa wakati, joto lishuke taratibu lisizidi digrii mbili kwa siku, maana kushusha ghafla nako kunaua.

Kama hewa ipo na bado wanahema, sababu ya pili ni amonia. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama sisi, anakula anatoa, anakula anatoa, na uchafu wake pamoja na ule unaotoka mashavuni ni amonia. Kipimo kizuri ni sifuri. Ukiona miligramu 0.5 kwa lita na maji ni ya moto na pH imefika 8, hiyo ni dharura ya leo leo. Toa robo ya maji, weka mengine yaliyotolewa klorini, acha kulisha kabisa siku mbili tatu. Samaki mzima mkubwa anakaa wiki nzima bila kula na hafi.

Ya tatu ni nitriti. Hii inaingia kwenye damu inaizuia kubeba oksijeni, ukifunua shavu la samaki unakuta badala ya wekundu mzuri limekuwa la kahawia kama chokoleti. Badilisha maji kidogo kidogo na weka chumvi ya mawe gramu 1 kwa lita, ikoroge kwanza kwenye ndoo iyeyuke yote ndo umimine polepole. Chumvi inaziba njia ambayo nitriti inaingilia kwenye mashavu. Chumvi haivukizi, kwa hiyo ukiongeza maji kufidia yaliyokauka tu usiongeze chumvi tena.

Ya mwisho ni wadudu wa kwenye mashavu, ambao huwezi kuwaona bila darubini. Kama hewa ipo, amonia sifuri, nitriti sifuri na bado wanahema na kujisugua kwenye mawe, hapo mwite mtaalamu wa samaki, usianze kubahatisha dawa.

Wote kwa pamoja wanarukaruka, wanazunguka, wanalala ubavu

Samaki mmoja akiumwa ni ugonjwa labda, samaki wote wakichanganyikiwa ndani ya saa moja ni sumu. Usisome kingine, fanya hiki kwanza: wahamishe kwenye ndoo au beseni safi lisilowahi kuwekewa sabuni, maji yenye joto lile lile na yasiyo na klorini, pampu ya hewa ndani.

Ninachokuta sana ni klorini. Mtu kaona maji machafu, kwa moyo mzuri kabisa kachukua mpira wa bombani kajaza. Maji ya bomba yaachwe kwenye ndoo wazi saa 24, yakipigwa na pampu ya hewa ni bora zaidi. Kama huna muda nenda maabara ya kemia ya shule, ile sodiamu thayosalfeti ya kufanyia taitresheni ndo hiyo hiyo inayoua klorini. Gramu 1 kwa lita 100 za maji ya bomba inatosha. Mwombe mwalimu wa kemia akupimie kwenye mizani, usichote kwa kijiko cha chai. Shule nyingi zina vyote viwili, samaki wanaokufa kwa klorini na chupa ya thayosalfeti kwenye kabati la chumba cha tatu, na hawajawahi kukutanishwa.

Inayofuata ni dawa ya mbu na mende. Zile za kupuliza nyingi zina sumu ambayo kwa mtu ni ndogo lakini kwa samaki ni kali mno, na pampu ya hewa inaivuta kutoka chumbani inaipeleka moja kwa moja majini. Shule ikipigwa dawa wakati wa likizo funika tenki lote kwa nailoni, zima pampu muda ule wanapuliza tu, fungua madirisha, chumba kikishatulia na harufu kuisha ndo uwashe. Kama kuna chumba kingine chenye umeme wahamishie huko.

Halafu sabuni, Jik, na sanitaiza za mikononi. Kama tenki limeoshwa kwa sabuni ya unga, kusuuza mara moja hakutoshi. Maji yote, changarawe yote, suuza mpaka uchoke, halafu suuza tena.

Wakifa zaidi ya wawili ndani ya siku moja na hujui kwanini, acha kujaribu. Weka chupa ya maji yale pembeni na maiti iliyo freshi kwenye mfuko ndani ya barafu, friji la maabara sio la chakula, na mtafute afisa uvuvi wa halmashauri au daktari wa mifugo anayejua samaki. Bila maji na bila maiti hata yeye atabahatisha.

Maji machafu, ya njano, yananuka, lakini samaki bado wapo

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu hapa ndo watu wazuri wanaua samaki. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliwaua watatu.

Unakuta tenki limetelekezwa miezi mitatu, roho inakuuma, unataka uwasaidie leo. Unamwaga sehemu kubwa ya maji, unaosha changarawe, unaosha sponji ya filta kwenye bomba hadi inameremeta, unajaza maji mapya, linapendeza kama dukani. Jioni wamelala ubavu. Nilikaa nao pale maabara mpaka saa mbili usiku sielewi nimekosea wapi, maana maji yalikuwa safi kuliko ya kunywa.

Kilichotokea ni hiki. Tenki likikaa muda mrefu bila kubadilishwa maji, pH inashuka taratibu, inaweza kwenda mpaka 6. Kwenye pH ya chini hivyo amonia karibu yote inakuwa katika hali isiyo na makali, samaki wanaishi nayo hivyo hivyo, wanadhoofika ila hawafi. Sasa ukimimina maji mapya ya pH 8 kwa wingi, ile amonia iliyobaki inageuka sumu pale pale. Kutoka pH 7 kwenda 8 tu sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara 10, na maji ya digrii 30 yana sumu karibu mara mbili ya maji ya digrii 20 kwa amonia ile ile. Juu ya hapo ile sponji uliyoiosha bombani ndo ilikuwa nyumba ya bakteria wanaokula amonia na nitriti. Klorini imewamaliza. Kuwajenga upya ni wiki nne mpaka sita.

Kwa hiyo tenki lililotelekezwa unalirudisha kama unavyomlisha mtu aliyekaa na njaa siku nyingi, kidogo kidogo. Siku ya kwanza toa asilimia 10 tu ya maji, vuta na mpira kutoka chini kwenye changarawe ambako uchafu umekaa, rudisha maji yaliyotolewa klorini yenye joto linalolingana. Kesho tena 10 au 15. Fanya hivyo wiki nzima, pima pH na amonia kila siku uandike. pH ikishakaribiana na ya bomba lako na amonia imeshuka, nenda robo kwa wiki na ubaki hapo. Sponji usiiguse wiki hiyo ya kwanza, baadaye ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tenki lenyewe, maji yawe meusi kama ya mkaa hakuna shida, bakteria wanabaki.

Kama filta ilizimika siku nyingi usiiwashe hivyo hivyo. Maji yaliyofungiwa ndani yameoza na ukiwasha yanamwagika yote kwa samaki. Ifungue, mwaga, suuza kwa maji ya tenki, ndo uwashe, na jihesabu uko na tenki jipya lisilo na bakteria, ulishe kidogo sana na kupima kila siku.

Maji ya kijani ni mwani unaotokana na jua na kinyesi kingi, samaki haumwi nao sana, sogeza tenki mbali na dirisha. Ila kabla ya kusogeza kumbuka lita 140 ni kilo 140 bila kioo chenyewe, usilisukume likiwa na maji, litapasuka. Maji meupe kama yamewekewa maziwa mara nyingi ni bakteria wamelipuka baada ya chakula kuzidi au tenki kuoshwa sana, acha kulisha siku mbili, ongeza hewa, yatatulia.

Wanaotumia maji ya kisima wayapige hewa siku nzima kabla, mengi yanatoka ardhini na oksijeni kidogo, na hapa kwetu mengine yana chumvi, kwa hiyo yaonje au yapime kabla hujaweka chumvi ya dawa.

Mkia na mapezi yanaliwa, yana wekundu, au kuna pamba

Mapezi yenye mistari myekundu kama mishipa imevimba, kingo bado nzima, hiyo amonia inaunguza. Rekebisha maji, kazi imeisha. Kingo zikiwa zimechakaa, nyeupe, zinarudi nyuma kila siku, hapo bakteria wameshaingia, lakini mlango wameufungua kwa maji machafu. Kabla ya dawa yoyote fanya maji safi siku saba na chumvi gramu 1 mpaka 2 kwa lita. Yule wa mkia wa shela niliyemtaja juu hakupewa dawa hata tone, baada ya kama wiki mbili vile vijiti vilianza kuota utando mwembamba unaong'aa kwenye ncha, ukiangalia dhidi ya mwanga wa dirisha unauona kama nailoni ya pipi. Huo ndo mkia mpya.

Angalia pia kama kuna mwenzake anamng'ata. Wale wembamba wenye mwendo wa kasi wakichanganywa na wale wa mviringo wenye mikia mirefu, wa mviringo wanaonewa na chakula hawapati. Watenganishe.

Pamba nyeupe juu ya kidonda mara nyingi ni fangasi na chumvi inasaidia. Pamba mdomoni, au baka la kijivu mgongoni kama tandiko, likikua ndani ya siku moja mbili kwenye maji ya moto, huyo ni bakteria mwingine mkali anayependa joto na anaua haraka. Shusha joto taratibu, mtenge, na huyu ndo wa kumwitia daktari siku hiyo hiyo.

Nawaombeni sana, msifungue kapsuli za tetrasaikilini au amoksilini za duka la dawa mkamimina humo. Tetrasaikilini kwenye maji magumu inashikana na chokaa inapoteza nguvu, kapsuli za kubahatisha zinaweza kuua bakteria wa filta, na mnawafundisha wadudu usugu ndani ya jengo lenye watoto mia nane. Daktari akiandika sawa, bila yeye hapana.

Vidoadoa vyeupe kama punje za chumvi

Kwanza angalia viko wapi. Vikiwa kwenye vifuniko vya mashavu tu na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, vimepangika vizuri na samaki anachangamka, huyo ni dume na ni msimu wake wa kufukuza majike. Mwacheni. Nimeshakuta dume kama huyo ametiwa dawa wiki mbili.

Vikiwa mwili mzima na mkiani, vinaongezeka, samaki anajisugua kwenye mawe, hicho ni kimelea. Punje unayoiona imejifukia chini ya ngozi na dawa haiifikii. Inakomaa, inadondoka chini, inajigawa mamia ya vitoto vinavyoogelea kutafuta samaki, na ni wakati huo tu wa kuogelea ndo unaweza kuviua. Ndo maana ukitibu siku mbili vidoa vikapotea ukaacha, wiki ijayo vinarudi maradufu. Chumvi gramu 2 mpaka 3 kwa lita, ipandishe ndani ya siku mbili au tatu usiimwage yote kwa mkupuo, vuta uchafu wa chini kila siku, rudishia chumvi kulingana na maji uliyotoa tu, na endelea siku 10 mpaka 14 hata kama vidoa vimeisha. Kwenye joto letu mzunguko wake unaenda haraka, siku chache tu, hiyo inatusaidia. Tibu tenki zima, mimea itoe maana mingi haivumilii chumvi hiyo.

Dawa ya kijani kibichi ya matone inayouzwa kwa ugonjwa huu wengi wanaijua, nyingi zina malakaiti, ni sumu, vaa glavu na watoto wasiishike.

Ukiona kijiti kama uzi kimechomoza kwenye ngozi, au kidude bapa kama kigamba kinachotembea, hao ni wadudu wakubwa unaowaona kwa macho. Wa bapa anatolewa kwa kibano. Wa kijiti kichwa kimejichimbia kwenye nyama, ukivuta vibaya kinakatikia ndani, kama mkono wako hautulii mwachie mtaalamu.

Anaelea tumbo juu, au anazama kichwa chini

Hii ni ya wale wa mviringo. Kwanza kabisa ni chakula, punje kavu zinazoelea, samaki anameza na hewa, au watoto wa darasa zima wamempa mandazi. Mnyime chakula siku mbili mpaka tatu. Halafu mpe njegere moja iliyochemshwa bila chumvi, umenye ganda, uiponde, umpe robo robo. Chakula kikavu kiloweke kwenye kikombe dakika chache kizame kabla ya kumpa. Kama hilo halijasaidia pima maji, maana nitrati nyingi na amonia nazo zinawafanya hivyo. Baada ya hapo kuna waliozaliwa na maumbile hayo, wanaishi miaka wakiegemea upande, wape maji ya kina kifupi na msiwahukumu kifo kwa sababu hawapendezi.

Mabaka meusi yakijitokeza baada ya maji kurekebishwa mara nyingi ni ngozi iliyounguzwa na amonia inapona. Yaacheni, yanaondoka yenyewe.

Amevimba, magamba yamesimama kama koni ya msonobari

Mwangalie kutoka juu. Magamba yakisimama pande zote mara nyingi figo zimeshindwa, maji yanajaa mwilini. Mtenge, maji safi, utulivu, mwite daktari kama yupo, lakini sitawadanganya, wengi hawaponi. Jike aliyejaa mayai naye ananenepa, lakini magamba yake yamelala.

Akifika mahali halali wala hali, anazunguka kwa mateso, msimmwage chooni na msimtupe mtaroni akiwa hai. Mafuta ya karafuu, haya haya yanayotoka Unguja na Pemba, kwa kiasi kidogo yanatumika kumlaza samaki usingizi na kwa kiasi kikubwa hasikii na haamki. Mililita 0.4 kwa kila lita ya maji ya tenki, kwanza tikisa mafuta kwenye kichupa na maji ya uvuguvugu yawe meupe, mimina kwenye beseni la pembeni, mwache humo nusu saa nzima baada ya mashavu kusimama kabisa. Afanye mtu mzima mmoja, watoto wakiwa wameshaenda nyumbani, na kesho yake waambieni ukweli kwamba amekufa. Wanajua kuhesabu.

Mambo ya kusimama mara moja

Ukitia mkono kwenye maji ukasikia unatekenywa au kuchomwachomwa, toa mkono, zima swichi kubwa, usiguse tena mpaka fundi umeme aje. Na kila siku chomoa plagi zote kabla ya kutia mkono, waya uning'inie chini ya soketi ndo upande, ili tone likishuka na waya lidondoke chini lisiingie kwenye soketi.

Kioo kikivuja kwenye kona punguza maji hadi chini ya panapovuja, wahamishe samaki, mwite fundi vioo, na silikoni iwe ya kawaida isiwe ile ya bafuni ya kuzuia ukungu maana ina sumu.

Mwenye kidonda mkononi asitie mkono. Kuna bakteria wa kwenye matenki anayeingia kwenye mkwaruzo akaacha uvimbe kidoleni au kwenye kiwiko, hauumi sana na hauponi kwa wiki kadhaa. Ukiupata nenda hospitali na umwambie daktari wazi kwamba unashika tenki la samaki, bila hivyo hatawaza huko. Watoto wote wanawe kwa sabuni baada ya kulisha, na usivute mpira kwa mdomo.

Na mkishindwa kabisa kuwatunza msiende kuwaachia mtoni au bwawani. Wanakua wakubwa zaidi ya sentimita 20, wanachimbua tope, na magonjwa yao wanaenda nayo. Watafutieni mwenye tenki kubwa.

Likizo

Hapa ndo tatizo linazaliwa kila mwaka, Juni na Desemba. Siku ya kufunga usiache kopo la chakula mezani, mtu mwenye huruma atamwaga nusu. Nakunja vikaratasi kama vya dawa ya zamani, kila kimoja na punje za siku moja, kimoja kila siku ya pili, naviweka kwenye bahasha yenye tarehe. Plagi ya pampu naizungushia selotepu na kuandika SAMAKI, USICHOMOE. Ndoo mbili za maji yaliyolala nayaacha pembeni yamefunikwa kitambaa. Na namtafuta mlinzi.

Kwenye ile shule ya mkia wa shela mlinzi ni mzee wa makamo ya baba yangu, nikamwamkia, tukakaa chini ya mwembe getini nikamweleza pampu inapaswa kulia vipi na samaki mzima anakaaje. Hakuniuliza mengi. Niliporudi Julai nikaomba kuona daftari la getini, na katikati ya namba za magari na majina ya wageni, kila siku asubuhi saa 12, kwa kalamu ya bluu ameandika mstari mmoja: samaki 3, pampu inalia.